Huyu si mpwa wangu

Karani alikuwa amefika aya ya tatu ya maelezo niliyomwandikia mzee, mteja wangu. Anasoma Kiingereza changu kimoyomoyo, midomo inachezacheza, alafu anakitoa kwa Kigiriama sentensi moja moja, na mzee amesimama pale kwa mashahidi ameegemea mbao kwa mkono wa kushoto manake ule wa kulia haushiki kitu tena. Feni juu inapiga kelele. Mimi niko mbele nimetulia kabisa, nimeshaanza ata kuifikiria matatu ya kurudi Mombasa.

Karani akafika pale nilipoandika kwamba aliyemkata ni mtoto wa ndugu yake. Kiingereza kina neno moja tu la hapo, na yeye akalirudisha kwa neno moja. Mpwa.

Mzee akainua mkono.

"Mimi sina mpwa hapa."

Karani akanitazama. Hakimu akamtazama karani. Mwendesha mashtaka aliyekuwa anachezea kalamu akaiweka chini.

"Mpwa ni wa dada. Dada yangu hakuzaa. Huyu amezaliwa na ndugu yangu, huyu ni mwanangu. Na hayo mengine yote unayoyasoma hapo mimi sijayasema. Nani ameyasema?"

Kimya.

Hakimu akanigeukia pole pole, bila hasira, na nadhani hasira ingekuwa afadhali. "Wakili, ulimsomea mteja wako kabla hajaweka kidole?"

Hii ni wiki ya saba na hilo swali bado niko nalo. Nikipika liko, nikiwa kwenye feri nimebanwa na watu kushoto kulia liko. Nimejaribu kuandika hii makala mara tatu nikafuta, kwa sababu kila nikianza najikuta naandika kuhusu sheria, na sheria siku ile haikuwa na kosa. Baadhi ya mambo nimeyabadilisha mzee asijulikane, na nilimpigia simu kumuomba ruhusa. Alicheka. Akaniambia andika, lakini sa hii andika yenyewe.

## Naye alikatwa wapi?

Nikitaja kazi yangu watu hudhani natetea washtakiwa. La. Mimi niko upande wa aliyekatwa, aliyepigwa, aliyebakwa, aliyeuliwa mtu wake. Harusini mtu akishaelewa hapo huja na swali la pili, na ni swali zuri: sasa aliyekatwa anataka wakili wa nini, si serikali ndiyo inashtaki?

Ndiyo, serikali ndiyo inashtaki, na shida iko hapo hapo. Juu ya faili pameandikwa Jamhuri dhidi ya fulani. Siku ya kwanza mzee kuja ofisini nilimsomea jina la kesi kutoka kwa karatasi ya mashtaka, akaniuliza, "Huyo Jamhuri ndiye nani?" Nikamweleza. Akafikiria kidogo.

"Naye alikatwa wapi?"

Nilicheka mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Nimeisimulia hiyo kwenye semina mbili na watu wakapiga makofi. Ilinichukua karibu miaka miwili kuelewa kwamba mzee hakuwa anachekesha, alikuwa anauliza.

Ukisoma Kifungu cha 50 cha Katiba yetu ya 2010 utakuta haki za mshtakiwa zimepangwa kutoka herufi a mpaka q, na sina ubaya nazo, nimewahi kuona kijana wa watu asiye na kosa akiokolewa na hiyo orodha. Mwathiriwa amewekwa mwisho kabisa, kifungu kidogo cha 9, sentensi moja, na ata hiyo sentensi haimpi kitu mkononi, inaliagiza tu Bunge litunge sheria. Bunge likatunga 2014, Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa. Ndiyo mkate wangu.

Lakini ata na hiyo sheria mkononi kwa miaka mingi sisi tulikuwa mawakili wa kutazama. Ndivyo kazi yenyewe inavyoitwa kwa Kiingereza chake, kutazama. Unasimama unajitambulisha, mheshimiwa niko hapa kwa niaba ya familia, alafu unakaa. Shahidi wako anaulizwa upuuzi, umekaa. Mwendesha mashtaka mwenye lundo la mafaili mezani anasahau kumuuliza daktari lile swali moja la maana, unaandika kikaratasi unampitishia chini chini kama mtoto wa shule. Alafu mwaka wa 2020 Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya mauaji iliyokuwa imetoka Bungoma, ikasema mwathiriwa si mtazamaji tena, anaweza kusikizwa yeye mwenyewe au kupitia wakili wake, na anaweza kuomba hivyo kesi ikiwa imefika popote, ilmradi wakili wake asijigeuze mwendesha mashtaka wa pili. Kushtaki kunabaki kwa DPP, mkurugenzi wa mashtaka ya umma. Siku ile nilinunulia ofisi nzima biriani.

Tumepata mdomo, nilisema.

Mdomo wa nani, hilo sikujiuliza.

## Kikohozi

Habari za wazee wa Kilifi wanaouawa kwa kusingiziwa uchawi mnazijua, sitazirudia. Mnajua kwa nini mtu wa miaka 70 anapaka piko kichwani mvi zisionekane. Mnajua Kaya Godoma kule Ganze imekuwa kimbilio la nani. Na mnajua kwamba hilo neno utsai, yaani uchawi, ukilikwaruza kidogo tu, mara nyingi chini yake unakuta shamba.

Kwa mzee ilianza na mtoto kufa kwa homa kwenye mji, yaani boma, wa jirani. Kikakaliwa kikao chini ya mwembe, akasimama mtu mmoja akasema hahitaji kutaja jina, sote tunamjua. Mzee anasema watu hawakumwangalia yule aliyekuwa anaongea, walimgeukia yeye, wote, kama kuku walioitiwa mtama. Wiki tatu baadaye mlango wake ukavunjwa usiku. Waliingia wawili. Mmoja hajapatikana mpaka leo. Wa pili mzee alimjua kwa kikohozi.

Kikohozi alichokilea. Huyo kijana alifiwa na babake akiwa na miaka minne, mzee akamchukua, akamsomesha mpaka darasa la nane, akamtolea mahari. Wakili wa utetezi alikishambulia hicho kikohozi siku nzima, watu wangapi Kilifi wanakohoa, usiku, giza, umelala, una miaka mingapi mzee wangu. Mzee akamjibu kwamba mtu hawezi kukaa macho na kikohozi cha mtoto miaka kumi asikijue.

Hakimu aliandika hiyo neno kwa neno, niliona.

Kuna jambo moja mzee alinirudia nalo tangu siku ya kwanza, na naliandika hapa kwa sababu nilikuwa nalipita kila mara. Alikuwa anauliza: na yule wa chini ya mwembe? Nikamweleza kwamba kweli tunayo Sheria ya Uchawi, ya mkoloni, ya 1925, bado iko vitabuni, na ndani yake kumsingizia mtu uchawi nako ni kosa. Lakini huyu jamaa hakutaja jina, mashahidi wa kikao hawataki kuongea, tushike kwanza hii ya panga ndiyo kubwa. Mzee akaitika. Mwezi unaofuata akauliza tena. Na yule wa chini ya mwembe?

Kwenye daftari langu nimeandika mahali, kwa mkono wangu, "mzee anarudiarudia, uzee."

Nimeliona hilo daftari juzi nikalifunga.

## Bondi

Kijana alipoomba bondi mimi ndiye niliyepinga, kwa jina la mzee. Sheria ya 2014 inasema usalama wa mwathiriwa na watu wake uangaliwe dhamana inapozungumzwa, nikaikamata hiyo sawasawa. Nyumba mbili ziko mji mmoja, mlango wa mmoja unatazama wa mwingine, mwenzake wa usiku ule bado yuko nje, mzee ana kidonda kibichi. Hakimu akakubali, kijana akarudishwa rumande. Nilitoka pale natembea kama nimekua inchi mbili.

Nje kwenye benchi nikampa mzee habari. Akatikisa kichwa, akauliza, "Sasa nani atalima?"

Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua za masika zinakaribia. Mkono wa mzee uko kwenye bendeji, na aliyekuwa akilima lile shamba miaka yote ndio huyo tumemfungia. Nikamwambia tutaangalia, mzee wangu, la muhimu uko salama. Nikamtolea nauli, nikampakia kwenye matatu. Mwaka ule hakuna aliyelima. Hilo nimekuja kulijua kortini wiki saba zilizopita, pamoja na kila mtu aliyekuwa mle ndani.

Na bado nasema bondi ilifaa kupingwa. Hapo sijabadilika. Huwezi kumrudisha mtu aliyekukata kwenye uwanja wako eti kwa sababu ya mahindi. Kinachonikera si uamuzi, ni kwamba mimi niliufanya peke yangu alafu nikamletea mzee kama zawadi.

## Wazee wa maslaha

Kesi ikiwa katikati wakaja ofisini wazee watano na mbuzi wanne, mbuzi wa maneno tu, hawakuwaleta. Wamevaa vizuri, wana bakora, mmoja akanisalimia vizuri sana mpaka nikaona aibu kwa vile nilivyojiandaa kuwafukuza. Wakasema mwanetu, haya ni ya nyumbani, tuachie tuyarudishe nyumbani.

Nyinyi mnaojua maslaha, kesi kumalizwa na wazee nje ya korti, mnajua kwa nini damu yangu ilichemka. Nimewaona wasichana wa miaka 13 wakilipiwa mbuzi na gunia la mchele, kesi ikafa, baba akanenepa. Nikawatolea sheria wale wazee: kifungu cha 176 cha mwenendo wa kesi za jinai kinaruhusu mapatano kwenye mambo madogo madogo ya kupigana, kinachofika kiwango cha kosa kubwa hakimo, na kujaribu kuua mtu ni kifungo mpaka cha maisha, mnataka kunipeleka wapi? Mmoja wao akanijibu kwa upole kwamba mbona Nairobi 2013 Mahakama Kuu iliachia kesi ya mauaji, familia zimepatana kwa ngamia na mbuzi? Anajua! Mzee wa bakora, anasoma kesi kuliko mimi. Nikamwambia ile ni DPP aliyekuja kuomba, na ilizua mjadala mkubwa mpaka leo, na hapa DPP hajaomba.

Na mzee wangu je? Alikuwa amekaa kwenye kona. Walipoondoka nikamuuliza yeye anaonaje.

"Wewe ndiye unayejua sheria, mwanangu."

Nikaandika kwenye faili, mteja hataki mapatano.

Hebu isome tena hiyo sentensi yake alafu usome niliyoiandika mimi. Nimekaa na hizo mbili usiku mwingi. Haikuwa ndiyo wala hapana, ilikuwa ni mtu mzima anamwachia mlango mwenye nyumba. Na mwenye nyumba nilijifanya ni mimi.

## Usiku wa kuandika

Hatia ilipopatikana ikabaki adhabu. Hapo katikati ndipo sheria inampa aliyeumizwa nafasi ya kuieleza korti yale yaliyompata yamemfanyia nini, mwili wake, mali yake, usingizi wake. Waendesha mashtaka wengi huiacha ipite, muda hakuna. Mimi sijawahi kuiacha. Nilikuwa najivunia hilo, nawaambia ata vijana wanaokuja kujifunza kwetu, hii ndiyo dakika ya mteja wako, usiitupe.

Sasa niwaambie ninavyoitumia hiyo dakika.

Ilikuwa saa nne usiku, kesho asubuhi ndiyo tarehe. Nilikuwa nimeongea na mzee kwa simu ya mjukuu wake, laini inakatika, mzee hapendi kushika simu kwa hiyo mjukuu anasikiliza alafu ananiambia. Mzee anasema mkono unauma. Mzee anasema mvua imenyesha? Nikasema asante inatosha. Nikafungua laptopu. Kwenye laptopu yangu kuna faili moja ninayoanzia kila mara, ina mwanzo mzuri, ina mwisho mzuri, nabadilisha jina na jeraha. Maisha yangu hayatakuwa kama zamani. Ninaishi kwa hofu. Maumivu yangu hayana kifani. Naiomba mahakama hii tukufu itoe adhabu kali iwe funzo kwa wengine.

Iwe funzo kwa wengine! Ni lini umesikia mtu mwenye kidonda akaongea hivyo?

Lakini inafanya kazi, jamani, hiyo ndiyo shida. Mahakimu wameizoea, wanajua pa kuiweka. Mwaka juzi mama mmoja alisimama akasema ya kwake kwa mdomo wake, akazunguka, akalia, akaanza habari za mkwe, hakimu (si huyu) akaangalia saa. Baada ya siku ile ndiyo nikaanza kuandika za wateja wote. Sikuanza kwa uvivu, nilianza kwa huruma. Nilitaka wasikizwe. Sijui ilikuwa kesi ya ngapi huruma ilipogeuka faili ya laptopu.

Asubuhi nikamkuta mzee kwenye benchi nje ya korti, amevaa koti. Nimechelewa, daraja la Mtwapa lilikuwa na foleni. Nikatoa karatasi, nikatoa wino, nikashika kidole gumba chake cha kushoto mimi mwenyewe, nikakichovya, nikakikandamiza pale chini. Akauliza hii ni ya nini. Nikasema ni ya kuwaambia ulivyoumia, mzee wangu.

Kwa hiyo hakimu aliponiuliza, wakili, ulimsomea, jibu la kweli lilikuwa neno moja.

Nikasema, "Nilimweleza kwa ufupi, mheshimiwa."

## Alichokisema

Hakimu akaiweka ile karatasi pembeni. Akamwambia karani, muulize mzee kama angependa kusema mwenyewe, mwambie hana haraka. Na kweli hakuangalia saa.

Mzee alisema karibu dakika 20. Sitaweza kuyarudisha yote, na karani wa watu alijitahidi lakini kuna mengine yalimshinda, mara mbili alisimama akasema mheshimiwa hili neno halina Kiswahili.

Hakusema anaishi kwa hofu. Alisema anaona haya. Kwamba usiku akisikia kikohozi mji wa pili anaamka, si kwa kuogopa, anaamka kwa sababu miaka kumi alikuwa akiamka hivyo kumpa mtoto maji. Mwili haujaambiwa kwamba mambo yamebadilika.

Kuhusu mkono, alisema mkono ni mkono, mtu anazaliwa nao anazeeka nao, lakini shamba limekaa misimu miwili bila jembe na sasa watu wanapita katikati wanafanya njia, na njia ikishakuwa njia huwezi kuirudisha kuwa shamba. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakukulimwa.

Kuhusu kijana. Alisema huyu hakuja kwa akili yake. Alikuwa mwoga wa kuku tangu mdogo. Kuna mtu alimwambia njoo, na mtu huyo ndiye aliyesimama chini ya mwembe, na lile neno alilolisema bado liko pale pale chini ya mwembe, hakuna aliyeliokota. "Mumfunge mtampeleka, ni haki yenu. Lakini mimi nikitoka hapa narudi nyumbani mchawi vilevile. Mlipompata na hatia huyu, mimi mliniondolea lini uchawi?"

Alikuwa anamuuliza hakimu, lakini aliniangalia mimi.

Kijana kule kizimbani alikuwa ameinamisha kichwa. Akakohoa. Naapa sikuongezea chumvi, alikohoa, na korti nzima ikageuka.

## Mwenzangu hakubali

Adhabu ilitoka wiki mbili baadaye, baada ya ripoti ya afisa wa probesheni. Miaka 12, na muda wote aliokaa rumande ukahesabiwa humo kama sheria inavyotaka. Ningesema ni haki. Mzee aliitika tu, kama mtu anayeambiwa bei ya kitu asichokusudia kununua.

Jioni ile nikampigia rafiki yangu ambaye amekuwa mwendesha mashtaka miaka mingi, nikamweleza yote, nilitarajia anipe pole. Akanikalia kooni. Akasema wewe umeanza kuwa mshairi. Akasema ukimwachia kila mwathiriwa aseme anachotaka, nusu watasimama hapo wasamehe, kwa sababu nusu ya waliowakata wanalala nao nyumba moja. Utawaachia? Yule mtoto wa miaka 13, mamake akija kusema turudishe nyumbani, utaandika hivyo kwa sababu ndiyo sauti yake?

Hapana. Na nilimjibu hapana bila kufikiria. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 inasema anayemnajisi mtoto wa umri huo afungwe si chini ya miaka 20, na mimi sitakubali mama auze hiyo miaka kwa gunia la mchele, na nitamziba mdomo nikiweza.

"Basi," akasema.

Lakini si basi. Manake pale nitakuwa namziba mama, si mtoto. Mtoto nani amemuuliza? Nilirudi kwenye mafaili yangu ya mwaka uliopita, ya watoto, nikatafuta maneno yao. Kuna P3, ile fomu ya polisi ya majeraha, kuna namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, kuna fomu ya hospitali, kuna maelezo ya mama, maelezo ya mwalimu, kuna maelezo yangu mimi yale ya laptopu. Faili moja tu, moja, ndiyo niliyoikuta na sentensi ambayo nina hakika ilitoka kwa mtoto mwenyewe. Ilikuwa ni kuhusu viatu vya shule. Alitaka virudishwe.

Sikumbuki kama vilirudishwa.

Rafiki yangu ana hoja na sijampatia jibu. Kuna siku mtu aliyeumizwa anahitaji umsemee kwa sababu akisema mwenyewe atamezwa, na ukikaa kimya kwa kisingizio cha kumheshimu umemsaliti. Na kuna siku unamsemea mpaka yeye anabaki kidole gumba. Hizo siku mbili asubuhi zinafanana kabisa, foleni ni ile ile ya Mtwapa. Zamani nilidhani tofauti ni sheria. Sa hii sijui, nadhani ni dakika 20, lakini dakika 20 mara wateja wangapi, na nani anawalisha wakingoja?

Ile faili ya laptopu nimeifuta. Nikairudisha kesho yake kwa sababu kulikuwa na kesi ya saa tatu.

## Simu ya juzi

Juzi usiku mjukuu akapiga. Safari hii mzee akaishika simu mwenyewe, naskia anapumua karibu sana.

Akaniuliza kijana amepelekwa gereza gani. Nikamwambia Malindi. Akauliza siku za kutembelea, nikamwambia nitamuulizia. Akauliza kama wanaruhusu mtu kuingia na tumbaku. Nikamwambia sidhani, mzee wangu, lakini nitauliza pia.

Alafu kwa vile sijajifunza kitu, nikamsemea. Nikasema, "Ni vizuri umeamua kumsamehe, baba."

Kimya. Nikadhani laini imekatika.

"Sijasema kusamehe," akasema. "Kuna kitu nataka kumuuliza."

Sikumuuliza ni kitu gani. Akanyamaza kidogo, akaongea na mjukuu pembeni, akarudi. Akataka kujua nauli ya mpaka Malindi siku hizi ni pesa ngapi, na kama mtu wa mkono mmoja wanamtoza kamili.